Nimezimiwa maiki kwa kuuliza hazina ya Matempla iko wapi. Huyu bwana tumvumilie hadi lini?

Binti Songo Mnara (mleta uzi):
Wakuu, salamu zije baadaye, sasa hivi natetemeka.

Yule bwana. Simtaji, mnamjua wote. Yule wa mijadala ya sauti usiku, anayeanza kila sentensi na "hawataki mjue", akikohoa tu watu elfu wanaandika "tufungue akili baba". Huyo huyo. Jana amenizimia maiki.

AMENIZIMIA MAIKI. Katikati ya jina la mtu! Nimefika "Jean de Châ", kimya. Nikadhani bando limekata. Kumbe bwana mkubwa kanifunga mdomo kwa kidole chake, halafu akatamka mbele ya umati mzima: "Huyu dada historia yake kaisoma kwenye kanga." Watu wakacheka. Kuna mmoja alicheka mpaka akapaliwa, sauti yake naijua, na yeye zamu yake inakuja.

Alikuwa anaeleza nini? Kwamba usiku wa kuamkia Ijumaa tarehe 13 Oktoba 1307, kabla Mfalme Philippe IV wa Ufaransa hajawakamata Matempla, wale watawa wapiganaji wa Vita vya Msalaba, dhahabu yao yote ilitolewa Paris ndani ya mikokoteni ya nyasi, ikapakiwa kwenye merikebu 18 bandari ya La Rochelle, ikaenda Ureno, ikalala huko karibu miaka 200, kisha Vasco da Gama akaibeba mpaka Malindi na kuizika chini ya ile nguzo yake. Malindi wakuu! Saa mbili anaongea hivyo, hakuna aliyemuuliza hata tarehe.

Nikaomba nafasi. Nikasubiri mpaka mtoto kaamka, kalia, kalala tena. Nikauliza kwa adabu zote: hizo merikebu 18 umezitoa kwenye hati gani? Maana ninayoijua mimi ni moja tu, ushahidi wa Templa mmoja aliyehojiwa Poitiers mwaka 1308. Alisema alikutana na Gérard de Villiers, mkuu wao wa Ufaransa, akiongoza farasi 50, na kwamba ALISIKIA IKISEMWA aliingia baharini na merikebu 18. Kasikia! Hakuziona. Wala La Rochelle haitaji popote. Hiyo ndiyo nguzo yote ya hadithi, mtu mmoja aliyesikia watu wakisema. Na aliyesema anaitwa Jean de Châlons, na hapo ndipo nilipofika, "Jean de Châ", na maiki ikazimwa.

Hata jina la marehemu sikuruhusiwa kulimaliza.

Na huo utajiri wenyewe hauelewi. Matempla walikuwa na mashamba, vinu vya kusagia nafaka, mizabibu, nyumba, na madeni waliyokuwa wanawadai wakubwa. Ukitaka kujua utajiri wa wakala wa pesa hufungui droo yake ukahesabu noti, sasa nao ni vivyo hivyo. Fedha taslimu iliyokuwepo Paris ilikuwa ndani ya jengo lao la Hekalu, na hazina ya mfalme mwenyewe ilikuwa inatunzwa humo humo. Philippe alikuwa amefilisika. Mwaka mmoja kabla, 1306, alikuwa amewafukuza Wayahudi wa Ufaransa na kuwanyang'anya mali. Akawageukia Matempla. Mwizi tunaye hapa, ana taji kichwani, na nyie mnamtafuta baharini!

Kanga! Ameniambia kanga!

Kachumbari Kali:
Nimeshusha mkeka. Atakayepita aniletee kahawa.

Dereva wa Semi:
Pole dada. Ila ukizimiwa maiki ndo unakufa? Mimi nimetolewa kwenye kundi la familia na shemeji yangu na bado nala ugali.

Fundi Redio:
Semeni ukweli wote jamani. Mimi nilikuwemo. Dada kaanza na salamu, kaja na Vita vya Msalaba, kaja na Papa Clement, swali lenyewe bado halijazaliwa. Hata mimi ningezima.

Binti Songo Mnara:
WEWE NDIYE ULIYECHEKA. Nimekujua! Ukapaliwa na Mungu akakuona. Na swali lilikuwa limeshatoka, nilikuwa natoa ushahidi, na ushahidi una jina, na jina ndilo lililokatwa katikati.

Mpwani wa Majengo:
Mie kwetu Malindi. Ile nguzo ilipo leo sipo iliposimamishwa mwanzo. Mreno aliiweka karibu na nyumba ya Sultani, baadaye ikahamishwa. Sasa huyo bwana atuambie, hazina wameizika chini ya nguzo ya kwanza au ya pili? Asije akatuletea watu na majembe pale, wavuvi wetu wana kazi zao.

Akili Huru 7:
Wivu tu unawasumbua. Mtafiti anajua vitu ambavyo shuleni hamkufundishwa. Matempla walikaa Al-Aqsa toka mwanzo kabisa, walichimba chini yake wakapata hazina ya Nabii Suleiman. Kama hakuna kitu mbona Wazungu wanachimba Oak Island kule Kanada mpaka leo? Wao wajinga?

Mwalimu Mstaafu:
Wanangu, punguzeni munkari.

Kukaa Al-Aqsa ni kweli, walipewa na mfalme Baldwin wa Pili. Lakini tazameni mwaka 1187, Salahuddin alipouzingira mji. Wakristo waliruhusiwa kutoka kwa fidia, dinari 10 mwanamume, 5 mwanamke. Maelfu ya maskini walikosa hizo dinari wakaingia utumwani, na Matempla wakalaumiwa na watu wao wenyewe kwa ubahili. Mwenye hazina ya Suleiman chini ya sakafu angeshindwa dinari 10 za jirani yake?

Hiyo Oak Island watu wanaichimba toka hadithi ya mwaka 1795 na wachimbaji 6 wamekufa. Kilichotoka humo hakinunui hata pampu walizotumia kutolea maji.

Nami nitawapa la kwangu. Pale Gisors, Ufaransa, mlinzi wa ngome aliyeitwa Roger Lhomoy alichimba kwa siri, na mwaka 1946 akatoka akisema ameona kanisa chini ya ardhi, majeneza 19 ya mawe na makasha 30. Akapuuzwa. Miaka ikapita, stori ikakua miguu, mpaka waziri wa utamaduni André Malraux akaamuru uchimbaji na jeshi likashika sururu, mwaka 1964. Hawakukuta hata kifuniko cha kasha.

Kachumbari Kali:
Shikamoo mwalimu.

Dereva wa Semi:
Shikamoo mwalimu. Jeshi zima limechimba hewa!

Mwalimu Mstaafu:
Marahaba wanangu.

Akili Huru 7:
Serikali ilificha. Mnategemea waziri awatangazie?

Fundi Redio:
Huyu naye azimiwe.

Binti Songo Mnara:
Mwalimu shikamoo. Ungekuwepo jana wewe nisingezimiwa, maana maneno yako ndiyo hayo hayo niliyokuwa nayaendea.

Na wewe Akili Huru, sikiliza vizuri maana hapa hakuna wa kunizimia. Huyo baba yenu alichopatia ni kimoja. Ureno haikuwachinja Matempla wake. Mali zao zilipewa chama kipya, Chama cha Kristo, mwaka 1319, makao yao yakaja kuwa Tomar, na msalaba wa chama hicho ndio uliokuwa kwenye matanga ya Vasco da Gama alipofika Mombasa na Malindi mwezi Aprili 1498. Hapo sawa. Sasa alibeba nini? Alipofika Calicut, India, zawadi alizotaka kumpelekea mtawala zilikuwa vitambaa, kofia, marijani, sukari, mafuta, asali na MABESENI SITA ya kunawia. Watu wa mtawala walizicheka. Wakamwambia hata mfanyabiashara maskini wa Makka huleta zaidi. Mtu mwenye dhahabu ya Matempla kwenye meli anakwenda kuaibika na mabeseni?

Na haya ndiyo yananiuma kuliko kanga. Mwaka 1502 da Gama huyo huyo alirudi na mizinga, akatia nanga Kilwa. Kwetu. Akamlazimisha Amiri Ibrahim alipe kodi kwa mfalme wa Ureno, mithqali 1,500 za dhahabu. Dhahabu hiyo ikapelekwa Lisbon, mfalme Manuel akaamuru ifuliwe chombo cha kuwekea Ekaristi, sonara Gil Vicente akakimaliza mwaka 1506. Kipo mpaka leo kwenye makumbusho ya Lisbon, kinaitwa Custódia de Belém, kinang'aa, watu wanalipa kiingilio kukitazama. Na mwaka 1505, kabla sonara hajamaliza, Mreno mwingine, Almeida, alishakuja na meli nyingine akaiteka Kilwa, mwezi uliofuata akaichoma Mombasa.

Dhahabu ilitoka KWETU ikaenda KWAO. Ina mwaka, ina aliyelipa, ina aliyechukua, ina kabati la kioo. Sisi tunakaa usiku kucha kumsikiliza mtu anatuambia Mreno alituletea! Mreno! Atuletee! Nikitaka kumwambia hayo ananizimia maiki. Kosa langu nini? Jean de Châlons nimemtukana nani?

Mpwani wa Majengo:
Hapo umenena mwana wetu. Hilo la Kilwa lifunguliwe uzi wake.

Akili Huru 7:
Na ile laana je? De Molay, mkuu wa Matempla, akichomwa moto Paris Machi 1314 aliwaita Papa na mfalme mbele ya Mungu, wote wawili wakafa mwaka ule ule. Hiyo nayo bahati mbaya?

Mwalimu Mstaafu:
Papa Clement alikufa Aprili, Philippe Novemba, ni kweli. Maneno ya laana yenyewe yamekuja kupambwa baadaye. Ila mwanangu, hata tukikubali laana, hiyo si dhahabu. Mali ya Matempla Papa aliamuru mwaka 1312 ipewe Mahospitala, chama kingine cha watawa wapiganaji, na mfalme akawabana hao Mahospitala wamlipe livre 200,000 kwanza, akidai fedha zake zilipotea ndani ya Hekalu. Hazina haikwenda mbali, ilizunguka Paris hapo hapo.

Dereva wa Semi:
Mwalimu umenikumbusha machungu yangu. Mimi mjomba wangu amechimba kiwanja chote akitafuta dhahabu ya Mjerumani. Mtaalamu alimwambia iko chini ya mwembe. Wamechimba mwembe ukaanguka kwenye banda la kuku. Kuku wote chali. Sasa anasema iko chini ya nyumba, na nyumba ni ya urithi, tuko tisa! Halafu nyie mnalia maiki.

Kachumbari Kali:
Kuku wote???

Dereva wa Semi:
Jogoo kapona. Hatagi, atatusaidia nini?

Fundi Redio:
Mjomba wako afadhali, kachimba kwake. Baba mwenye nyumba wangu kaniingilia chumbani na chuma kinacholia, anasema Mjerumani alikuwa na kambi hapa. Nimelipa kodi ya miezi sita, leo kuna shimo chini ya kitanda changu. Nikilala nasikia upepo.

Binti Songo Mnara:
Jamani tusitoke kwenye mada. Mtu amenizimia maiki mbele ya watu.

Mwalimu Mstaafu:
Dhahabu ya Mjerumani ipo kihistoria, lakini haikuzikwa chini ya miembe. Vita ilipowabana waligonga sarafu za dhahabu Tabora mwaka 1916, rupia 15, upande mmoja kuna tembo. Dhahabu yenyewe ilitoka mgodi wa Sekenke. Waliigonga ili ilipe watu. Leo wakusanyaji wa sarafu huzinunua kwa bei kubwa sana.

Dereva wa Semi:
Mwalimu usiseme bei, mjomba yumo humu.

Msafiri wa Usiku:
Mimi niliuziwa rupia nikaambiwa inavuta mchele. Nimekaa nayo jikoni wiki nzima, mchele haujasogea. Aliyeniuzia kabadilisha namba. Huyo ndiye wa kufunguliwa uzi.

Kachumbari Kali:
Ulimwaga mchele wa Mbeya au wa Kyela?

Mpwani wa Majengo:
Huku kwetu ni zebaki nyekundu. Watu wamevunja redio za mababu zao wakiitafuta. Yangu imeondoka hivyo, redio ya marehemu baba, ilikuwa inashika mpaka Oman.

Fundi Redio:
Hilo nalijua vizuri, wananiletea kila siku niwafungulie. Ndani hamna zebaki, kuna mende na vumbi. Nikiwaambia hivyo wanasema nimeshaichukua mimi. Mmoja kaniitia mwenyekiti wa mtaa.

Binti Songo Mnara:
Fundi, wewe usijifanye mwenye kuonewa humu. Jana ulikuwa unacheka. Leo una shimo chini ya kitanda ndiyo unataka tukuhurumie?

Fundi Redio:
Dada yangu nilicheka kanga, sikucheka wewe. Tusameheane. Shimo lina futi nne.

Akili Huru 7:
Futi nne bado, Mjerumani alikuwa anazika futi saba. Mwambie asisimame.

Dereva wa Semi:
Wewe ndiye mtaalamu wa mjomba wangu nini?

Msafiri wa Usiku:
Fundi, hicho chuma cha baba mwenye nyumba kinalia kweli?

Fundi Redio:
Kinalia hata kwenye kijiko.

Msafiri wa Usiku:
Kijiko cha bati au cha stenlesi?

Fundi Redio:
Vyote.

Msafiri wa Usiku:
Muulize anakiuza bei gani, nije na hela kesho.