Mjadala: Vijia vya mgongoni Kigoma vifungwe au vitengenezwe?

Mteremko: Vijia vya mkato vinavyopanda migongo ya vilima kati ya Kibirizi na Mtanga vinaliwa na maji. Naona vizibwe kwa miiba misimu miwili ya mvua, nyasi zirudi. Wadau?

Kamba na Jembe: Miiba haifungi njia, mkuu, inaihamisha. Mwenye tenga la dagaa kichwani atapita pembeni, na baada ya mwezi mna vijia viwili. Adui ni maji. Miguu ikishashindilia udongo, mvua haizami, na kijia kinachoshuka wima kinakuwa mfereji. Kizungusheni ubavuni mwa kilima: mpando usizidi mita 10 kwa kila mita 100 za mwendo, na ukingo wa nje uwe chini ya wa ndani kwa sentimita 5 kwa kijia cha mita moja, maji yavuke na kumwagika.

Mteremko: Na pale mgongo una upana wa mita tatu, makorongo huku na huku?

Kamba na Jembe: Hapo ni makinga maji. Mawe bapa, theluthi mbili ya kila jiwe iwe ardhini, yakatize njia kwa mshazari wa nyuzi 45 hivi. Ukiyapanga kukingama kabisa (kosa la karibu kila mtu) mchanga unajaa nyuma, maji yanaruka juu na kuchimba chini ya mawe. Kwa mpando wa 10 kwa 100, moja kila mita 20. Ukiwa mkali mara mbili, kila mita 10.

Visiki: Na mnakomwagia mnakuangalia? Chini kuna mashamba ya muhogo ya watu. Kila kinga imalizikie kwenye rundo la mawe au nyasi nene, la sivyo mmempelekea jirani korongo. Ndani ya korongo lenyewe jengeni vizuizi vya mawe vya kimo cha goti, katikati pawe chini kuliko kandoni, ncha zizame ukutani nusu mita. Katikati pakiinuka, maji yanazunguka na kula kingo. Visiki msing'oe, vikiepushwa na panga na moto vinachipua vyenyewe, bure kuliko miche. Na kwenye kichwa cha korongo, linapoanzia juu, msipite ukingoni: kwa chini pameshaliwa, nyasi zinaficha tu.

Mteremko: Miiba nimeiacha. Lakini kinga isiyozolewa mchanga kabla ya mvua za Novemba haimalizi msimu. Nani anazoa?

Visiki: Kitongoji kinachoitumia njia, kwa zamu.

Mteremko: Basi njia isiyo na kitongoji cha kuizoa, mimi bado nasema ifungwe.