Nywele zinafika mabegani, nataka zikae kike, nifanyeje?

Mgogo_AreaC: Wakuu habari, mi ni mwanaume nina afro, nikiivuta inagusa mabega. Kikundi chetu cha maigizo hapa Dom kimenipa niigize shangazi mtu na wigi sitaki, linateleza jukwaani. Juzi nimezinyoosha na blodraya nikabana nyuma, najiangalia kwenye kioo naona mcheza rege tu. Afu na huu upepo na vumbi letu ndo usiseme. Msaada jamani.

MsusiMkongwe: Kaka tatizo ni kubana zote nyuma, paji na taya vinabaki nje. Weka njia pembeni, sio katikati, shusha kidogo kwenye mashavu. Usiku osha, paka mafuta zikiwa na unyevu, gawa mafungu kama kumi usokote mabutu, ulale na kitambaa cha satini. Zikauke kabisa ndo ufungue maana ukifungua mbichi zinavimba tu, na kitana weka mbali, tumia vidole.

kinyozi_dom: Sharafa toa zote mzee, hizo ndo zinakuuza.

bintiKikuyu: Upepo huu mawimbi hayafiki hata stendi 😂 suka twende kilioni mbele, nyuma ndo uachie.

Mgogo_AreaC: Nimefanya yote. Fungu moja la kisogoni lilikuwa bichi likasimama kama antena, ila asubuhi nipo bombani jirani kapita nyuma yangu, "mambo dada". Nikaitika tu.