Mashine ya valvu inaitika kweli, au tunadanganyana? Hela ya bendi iko mezani

Solo wa Ligula:
Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni. Bendi yetu ya watu sita hapa Mtwara imebakiza akiba kidogo baada ya shoo za msimu wa korosho, na akiba hiyo inatugombanisha kuliko ilivyotugombanisha njaa. Kuna mashine ya kukuzia sauti ya gitaa, Fender Deluxe Reverb ya mtumba, ya valvu (vichupa vya kioo vinavyokuza sauti), wati 22, imeshushwa kutoka Dar. Kwa bei yake tungepata mashine mpya ya transista, isiyo na vichupa, ya wati 100 na chenji ya kukarabati ngoma.

Mimi nataka ya valvu. Nilipewa siku moja niijaribu barazani kwetu. Unawasha, unasubiri vile vichupa vya kioo vipate moto, vumbi linanukia kuungua. Volumu nikaiweka tatu, nikapiga kodi ya E: safi kama maji ya kisima. Nikapandisha hadi sita, nikapiga kodi ileile kwa nguvu. Sauti ikabonyea pale mwanzo kama godoro ukilikalia, halafu ikainuka yenyewe na kuning'inia. Nikalegeza mkono tu, bila kugusa kitufe, ikarudi kuwa safi. Hiyo ndiyo naiita kuitika. Mashine tuliyonayo sasa inapokea amri basi, kama karani.

Semeni.

Besi Mzito, Lindi:
Kaka, wewe unapiga dansi au rock? Solo la sebene linataka noti ziruke moja moja, kila moja na mguu wake. Ukiweka volumu sita kwenye wati 22, mpiga ngoma akaingia, noti zinapakana kama uji. Ukishusha hadi tatu ziwe safi, hilo godoro lako halipo tena. Kwa hiyo unanunua kitu utakachokisikia barazani tu. Mashine ya Roland JC-120 ni ya transista, imetoka 1975, na mpaka leo wapenda sauti safi duniani wanaitafuta. Haikuitikii, haina aibu nayo, na noti zinatoka kama punje za mahindi.

Fundi Masasi:
Mdogo wangu wa Ligula, hujadanganyika, ila usiufanye uganga. Ukipiga kwa nguvu, zile valvu mbili za mwisho, 6V6, zinavuta mkondo mwingi kwa ghafla. Chanzo cha umeme ndani ya mashine hakiwezi kuwahi, volti zinashuka, sauti inabanwa. Kapasita, zile zinazotunza chaji, zikijaa tena volti zinapanda, ndio ule mnyanyuko. Watu hupenda kuisifia rektifaya, ile inayogeuza umeme wa AC kuwa DC, lakini GZ34 iliyomo humo si legelege sana ukiilinganisha na rektifaya nyingine za valvu. Transfoma ya umeme nayo inachangia.

Halafu kuna spika. Mashine nyingi za transista zinaikamata koni, ile karatasi ya spika inayotikisika, kama dereva aliyekanyaga breki muda wote. Ya valvu, kwa kuwa valvu zake na transfoma ya kutolea, ile inayoziunganisha na spika, haziikamati kwa nguvu hivyo, inaiacha koni ipumue zaidi, hasa kwenye besi na kwenye ile mikali ya juu. Mkono unalihisi hilo hata kabla sauti haijaanza kukwaruza. Kwa hapo namjibu wa Lindi: hata volumu tatu kuna kitu, ila ni kidogo.

Lakini msinunue neno "valvu". Twin Reverb ya wati 85 ni ya valvu pia, ila rektifaya yake ni ya dayodi, si ya valvu, na nguvu imejaa. Ukumbini kwetu inakaza kama ubao wa mninga.

Besi Mzito, Lindi:
Shikamoo fundi. Sasa niambie, aliyelipa kiingilio anasikia hiyo pumzi ya koni?

Solo wa Ligula:
Tulipima. Mpiga ngoma wetu alitugeuza uso ukutani, wengine akawafunga khanga, akawa anahamisha waya kati ya mashine mbili. Wasikilizaji wanne walibahatisha tu. Mimi niliyeshika gitaa sikukosea hata mara moja kati ya kumi.

Kijana wa Mikindani:
Bro, mlisawazisha sauti? Mashine ikizidi nyingine hata kidogo, sikio linaipa ushindi. Na kila mashine ilikuwa na spika yake, kwa hiyo ulichotambua huenda ni spika.

Mimi natumia kiboksi cha dijitali kinachoiga hizo Fender. Wazee wanasema kinachelewa. Sauti hewani inatembea kama mita 343 kwa sekunde. Kiboksi kikichelewa milisekunde tatu, ni sawa na kusogea mita moja kutoka kwenye spika. Jukwaani mnasimama mita tatu na hamlalamiki! Na nakibeba kwenye begi la mgongoni, nyie mtabeba kilo 19 kwenye bajaji.

Fundi Masasi:
Kijana hesabu yako iko sawa. Ila kiboksi kinaiga mashine, kisha unakipeleka kwenye spika gani? Ukikichomeka kwenye spika za kuimbia, ule ugomvi wa koni na transfoma umeigizwa tu, haupo kifuani mwako.

Solo, nina swali moja. Siku ile barazani ilikuwa saa ngapi?

Solo wa Ligula:
Saa moja na nusu usiku, fundi.

Fundi Masasi:
Stabilaiza ilikuwepo?

Solo wa Ligula:
Haikuwepo. Mita ya ukutani ilisoma volti 190, friji zote za mtaa zilikuwa zimewaka.

Fundi Masasi:
Basi piga hesabu. Hiyo ni ya Marekani, ya volti 120, mmeipitisha kwenye transfoma ya kushushia. Ukutani 190 badala ya 230, mashine inapata kama 99. Nyuzi za kupasha moto vichupa zinataka volti 6.3, zilipata 5.2. Mashine ilikuwa imelegea kabla hujaigusa. Ulichokipenda kinaweza kuwa umeme mdogo wa Ligula.

Besi Mzito, Lindi:
😂😂 Nimelala chini hapa Mtanda.

Jirani wa Ligula:
Mimi si mwanamuziki, naishi nyuma ya hiyo baraza. Naomba kuuliza, ni lazima iwe sita ndipo iitike? Nina mtoto mchanga.

Solo wa Ligula:
Mama, samahani sana, tutahamia ukumbini.

Wakubwa, nimerudia. Jumapili saa nne asubuhi, nikaazima stabilaiza, ukutani 228. Nakiri: kwenye sita haikubonyea vile. Ilikuwa ngumu zaidi, noti zikiruka vizuri kuliko siku ile, na wa Lindi angeipenda. Godoro nililikuta kwenye saba na nusu, na hapo tayari ilikuwa inakwaruza. Kulegeza mkono ikarudi safi, hilo bado lipo. Bado naitaka, ila sasa sijui naitaka kwa ajili ya nani. Kikao ni Jumatano, na mweka hazina ameshasema stabilaiza itoke mfukoni mwangu.

Besi Mzito, Lindi:
Inunue. Ila volumu aishike mpiga besi.