Lushoto kwa gari la abiria kutoka Mombasa, pamoja na mama na watoto: naomba ushauri

BintiKisauni
Assalaam alaykum wanajamvi. Shule zikifungwa Agosti tunataka pahali pa baridi na kimya, siku nne tano hivi. Tu watano: mimi, mume wangu, mama (miaka 63, magoti humsumbua) na watoto wawili, wa miaka 9 na 5. Gari hatuna. Nasikia Lushoto, huko milima ya Usambara Tanzania, kuna historia ya Wasambaa, ya Wajerumani na ya Waingereza katika mji mmoja. Naomba njia, makaratasi, na vya kutazama bila kumpandisha mama milima.

FeriYaAsubuhi
Wa alaykum salaam, dada. Watu wa huku hukata tikiti ya basi la Dar wakidhani litawafikisha Mombo, mji wa chini ya mlima ambako njia ya Lushoto huanzia. Halifiki. Linavuka mpaka Lunga Lunga na Horohoro, linapita Tanga na Muheza, kisha pale Segera linakata kushoto kuelekea Chalinze. Nyinyi mwendako ni kulia: Korogwe, halafu Mombo, njia ya Moshi. Ukipitiwa na usingizi Segera, umekwisha.

Shukeni Tanga mlale. Asubuhi nendeni stendi ya Kange, ambayo iko nje ya mji, muulize gari la moja kwa moja hadi Lushoto. Mkilikosa, pandeni la Moshi au Arusha liwashushe Mombo, mdandie Hiace ya kupanda mlima. Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 33 za lami, saa moja hivi, ila ni kona juu ya kona. Huyo wa miaka 5 asishibe kabla ya kupanda. Akae mbele, macho yawe njiani, simu mnyang'anyeni. Chukueni kopo lenye kifuniko la kutapikia, maana Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2019.

Na msifike Mombo magharibi. Giza likiingia magari hupungua, na huko juu ukungu unaweza kufunika barabara.

KaratasiKwanza
Kitambulisho cha Kenya hakikuvushi Horohoro kama kinavyokuvusha kwenda Uganda. Pasipoti, au hati ya muda ya kusafiria, na kila mtoto awe na yake. Viza Mkenya halipi.

Linalorudisha watu nyuma ni chanjo ya homa ya manjano. Cheti chake, ile kadi ya manjano, huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo kuchanja mkesha wa safari ni kazi bure. Watoto nao wanahitaji, kuanzia mwaka mmoja. Lakini mama wa miaka 63 asidungwe hivi hivi: aliyepita 60 amuone daktari kwanza, kwa sababu madhara makali ya chanjo hii, ingawa ni nadra, huwapata zaidi watu wa umri huo. Daktari akiona haimfai, aandike barua ya msamaha.

Mkipata gari la kuazima, kuna kadi nyingine ya manjano, ile ya COMESA, yaani bima ya gari linalovuka mpaka. Watu huzichanganya hizi mbili, mtu akafika mpakani na moja.

MtuWaVoi
Mwavuka mpaka wa nini? Wundanyi iko hapo. Voi, Mwatate, unapinda kulia unapanda. Baridi ipo, ukimya upo, mapango ya mafuvu ya mababu wa Wataita yapo, na chanjo huulizwi.

MpendaMagofu
MtuWaVoi una haki, na kwa siku mbili mimi pia ningesema Wundanyi. Lakini aliyoyataja dada, ya Wajerumani na Wasambaa kukaa bega kwa bega, ni ya Lushoto.

Wajerumani waliuita mji huo Wilhelmstal, kwa jina la mfalme wao, wakaufanya makao ya wilaya na mahali pa kukimbilia joto. Majengo ya enzi hiyo na ya Waingereza waliofuata bado yamo, mengine ni ofisi hadi leo. Mjini mtaumaliza kwa asubuhi moja, nusu yake sokoni: viazi, karoti, kabichi, matunda damu, mapea.

Urithi wenyewe uko nje ya mji. Vuga, ukishika njia ya Bumbuli kutoka Soni (mji mdogo kati ya Mombo na Lushoto), ndiko yalikokuwa makao ya wafalme wa Kilindi waliowatawala Wasambaa, ukoo wa Mbegha, yule mwindaji aliyetoka Nguu. Kimweri ye Nyumbai alitawala hapo hadi alipofariki 1862. Usitarajie jumba, enda na mwenyeji wa kukusimulia, la sivyo utaona migomba tu. Mlalo, kama kilomita 30 upande wa kaskazini, wamisionari wa Kilutheri waliingia 1891. Njia ni mbaya, mama mwacheni Lushoto siku hiyo.

Kwa mama, Irente. Mkodishieni gari mpaka karibu na ukingo, msimtembeze hizo kilomita tano na ushei. Pale mlima umekatika wima, chini kabisa ni tambarare ya Mazinde na mashamba ya mkonge. Enda alasiri, asubuhi ukungu huziba kila kitu. Watoto washikwe mkono, ni mwamba mtupu. Njiani kuna shamba la kanisa linalouza jibini na mkate wa shayiri nyeusi.

Msitu wa Magamba ni hifadhi na una ada: bebeni pasipoti muombe bei ya Afrika Mashariki, na mdai risiti. Kijana atakayewafuata stendi akijiita mwongozaji, mwambieni mtapitia ofisi ya utalii.

BintiKisauni
Ahsanteni mno. Chakula halali je? Na hiyo baridi ni ya sweta au ya koti?

FeriYaAsubuhi
Waislamu ni wengi, misikiti ipo, chakula hakitawasumbua. Agosti ni ya koti: usiku huweza kushuka nyuzi 10 na chini yake. Kabla ya kulipa chumba fungua bomba, uone maji moto kwa macho yako. Mama apewe chumba cha chini na blanketi la pili.

KaratasiKwanza
Na miche ya maua mtakayouziwa njiani, msivuke nayo. Bila cheti cha afya ya mimea itabaki mpakani.