Naomba ushauri: je, panya walioshikwa tangu uchanga wachanganywe na wasioguswa katika jaribio la msongo?

Binti Mfamasia (mleta uzi)

Ndugu wanajamvi, poleni na majukumu. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili hapa Dar es Salaam, na utafiti wangu unahusu dondoo la mmea ambao waganga huwapa watu wenye wasiwasi na wanaokosa usingizi. Nimekusudia kulijaribu kwa panya weupe wa maabara: watapewa dondoo, watabanwa kwa muda ndani ya mirija myembamba, kisha nitapima katika damu yao kotikosteroni, homoni ya msongo ambayo kwa panya hufanya kazi inayofanywa na kotisoli kwa binadamu.

Kinachonitatiza ni malezi yao. Wamezaliwa katika vyumba viwili vya nyumba moja ya wanyama. Chumba cha kwanza kinahudumiwa na mzee ambaye kila asubuhi huwatoa watoto kwenye kiota, huwakagua kiganjani, huwapima uzito na kuwarudisha kwa mama yao baada ya dakika chache. Chumba cha pili kina kijana ambaye, kwa hofu kwamba mama atawala watoto wenye harufu ya mtu, hawagusi kabisa mpaka wanapoachishwa kunyonya siku ya 21. Sasa wamekua, na wale wa mzee hutulia mkononi, ilhali wa kijana huruka na kujisaidia mara tu kifuniko cha kizimba kinapofunguliwa. Msimamizi wangu anaona kwamba maadamu ni wa ukoo mmoja na umri mmoja, panya ni panya. Je, niwachanganye? Fedha za ufadhili haziruhusu kuagiza wengine.

Mzee wa Homoni

Binti, mashaka yako yana msingi, na msingi wenyewe una zaidi ya miaka sitini. Katika miaka ya 1950 mwanasaikolojia wa Marekani, Seymour Levine, alitaka kujua kama maumivu ya utotoni humharibu mnyama akiwa mkubwa. Baadhi ya vichanga vya panya vilipigwa shoti ndogo ya umeme kila siku, vingine vilitolewa kiotani na kurudishwa bila kuumizwa, na vingine havikuguswa. Matarajio yalikuwa kwamba waliopigwa shoti ndio wangekuwa na kasoro ukubwani. Haikuwa hivyo: walifanana na wale waliotolewa tu, na waliojitenga kwa woga walikuwa wale ambao hawakuwahi kuguswa. Mwaka 1957 alichapisha katika jarida la Science matokeo yaliyoonyesha kwamba walioshikwa uchangani huhimili msongo wa mwili vizuri zaidi.

Njia ya mwili ni hii. Haipothalamasi, sehemu ndogo ndani ya ubongo, huiamrisha tezi ya pituitari iliyo chini yake, nayo huziamrisha tezi za adrenali zilizo juu ya figo zitoe kotikosteroni. Homoni hiyo ikifika kwenye ubongo hunaswa na vipokezi, hasa katika hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, na vipokezi hivyo ndivyo vinavyotoa amri ya kusitisha. Kundi la Michael Meaney wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, Kanada, lilionyesha kwamba panya walioshikwa uchangani wana vipokezi vingi zaidi katika eneo hilo, kwa hiyo homoni yao haipandi sana na hurudi chini mapema. Mwaka 1997 kundi hilohilo likaeleza kwamba mkono wa mtu huenda si chanzo chenyewe: mama anaporudishiwa watoto huwalamba zaidi, na watoto wa mama mwenye kulamba sana hukua wakiwa na mwitikio mdogo wa msongo hata kama hakuna mtu aliyewashika. Wakibadilishiwa mama wa kunyonya, hufuata tabia ya aliyewalea.

Kwa maneno mengine, kabla hujawapa hata tone la dondoo lako, vyumba hivyo viwili vimekwisha kukupa panya wa aina mbili. Msimamizi wako apewe heshima yake, lakini katika jaribio la msongo hoja ya kwamba panya ni panya haisimami.

Mdadisi wa Mbagala

Nakubaliana na sehemu kubwa ya maelezo ya Mzee, ila nisingeliharakia suala la mama. Wapo watafiti wanaohoji kama kulambwa peke yake kunatosha kueleza yote, na tangu mwaka 1962 kuna waliopendekeza kwamba jambo kuu ni baridi: kichanga cha panya hakina manyoya wala uwezo wa kutunza joto lake, kwa hiyo dakika chache nje ya kiota humpoza. Natamani hoja hiyo ifikiriwe kwa hali yetu. Chumba cha Dar es Salaam ambacho kiyoyozi kimezimika mwezi wa pili hakimpozi mtoto wa panya kama chumba cha Montreal, na sioni kwa nini tutarajie ukubwa uleule wa athari tunaousoma kwenye makala za huko. Mleta uzi aandike nyuzijoto za kila chumba, kila siku.

Pia tusiseme kwamba kumtoa mtoto kiotani ni jambo jema daima. Dakika tatu hadi kumi na tano kwa siku huleta utulivu ukubwani, lakini watafiti waliowatenga watoto na mama kwa dakika 180 kila siku mara nyingi walipata kinyume chake, yaani panya wakubwa wenye mwitikio mkali zaidi. Ikiwa yule mzee siku nyingine huitwa kwenye kazi nyingine akawaacha watoto kwenye beseni la mizani, hapo pana hadithi tofauti kabisa.

Daktari wa Mifugo

Naomba niende kwenye jibu la vitendo. Usiwachanganye kiholela, na la hatari kuliko yote ni kuwapa dondoo panya wa chumba kimoja ukawafanya wa chumba cha pili kuwa kundi la kulinganishia, kwa sababu tofauti yoyote utakayoipata haitajulikana imeletwa na mmea au na malezi. Gawa kila tumbo: nusu ya ndugu waliozaliwa pamoja wapewe dondoo na nusu wapewe maji matupu, na ufanye hivyo katika vyumba vyote viwili. Katika takwimu, tumbo na chumba viingizwe kama vigezo. Ndugu wanane wa tumbo moja wamenyonya kwa mama mmoja, hivyo kuwahesabu kama mashahidi wanane wasiojuana ni kujidanganya. Jike huwa na kotikosteroni nyingi kuliko dume, kwa hiyo jinsia nazo zigawanywe kwa usawa.

Kuna faida usiyoitarajia. Panya wa mzee wanaweza kuwa na homoni iliyopanda kidogo tu, kiasi kwamba hata dawa nzuri haipati pa kuishusha. Wa chumba cha pili ndio watakaoonyesha nguvu ya dondoo, kama ipo. Lakini usiandike kwamba mkono wa mzee ndio uliosababisha tofauti ya vyumba, maana kelele, joto, mama na mhudumu vyote vinatofautiana.

Binti Mfamasia (mleta uzi)

Nashukuru sana wakubwa zangu. Swali moja limebaki: nikianza sasa kuwashika kila siku wale wa chumba cha pili, nitawasawazisha?

Mzee wa Homoni

Utawazoesha mkono wako, jambo ambalo ni la lazima kwa wote, lakini usitegemee kwamba utafuta alama za uchangani. Mwaka 2004 ilionyeshwa kwamba malezi ya mama hubadilisha vibandiko vya methili, yaani alama za kikemikali zinazoathiri jinsi jeni inavyofanya kazi, kwenye DNA ya jeni ya kipokezi kile cha hipokampasi, na mabadiliko hayo hujengeka katika wiki ya kwanza ya maisha na kudumu hadi ukubwani.

Wazoeshe wote kwa utaratibu mmoja na mtu mmoja. Uamue mapema ni nani, kwa kuwa utafiti wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba harufu ya mwanamume peke yake huwatia msongo panya. Damu ichukuliwe saa ileile kila siku, kwa sababu homoni hii hupanda jioni panya wanapoamka, na sampuli ya kabla ya kubanwa ipatikane ndani ya dakika tatu tangu kizimba kiguswe. Kama mnatumia pia panya wadogo wa aina ya mausi, acheni kuwanyanyua kwa mkia. Tangu 2010 inajulikana kwamba kuwabeba kwenye bomba au viganja viwili hupunguza woga wao.

Daktari wa Mifugo

Naongeza moja: mpelekee msimamizi mchoro wa mgawanyo wa matumbo kabla kamati ya maadili haijakaa, kwa kuwa baada ya kibali kutoka, kubadilisha mgawanyo kunadai maombi mapya. Na yule mzee mwombe daftari lake la uzito. Kama ameandika saa za kuwatoa na kuwarudisha watoto, hizo ni data zako.