Naomba ushauri: watafiti wetu vijana wanagundua, lakini hawaongozi

Habari zenu wadau, na wakubwa shikamooni.

Nipo Arusha, nasimamia wanafunzi wa uzamili na uzamivu pamoja na watafiti ambao tayari wana PhD. Kazi yetu kubwa ni maji ya vijiji vinavyozunguka Mlima Meru. Mengi yana floraidi, madini yanayoharibu meno yakizidi, kwa kiasi kinachopita kiwango cha WHO cha miligramu 1.5 kwa lita, na meno ya watoto yanaonyesha.

Kijana mmoja ametengeneza chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na linafanya kazi. Tulipolipeleka kijijini mama mmoja akauliza, "Mkaa ukichoka napata wapi mwingine, na shilingi ngapi?" Kijana akaanza kumweleza grafu. Akili anayo, tena nyingi, ila hakuna aliyemfundisha kusikiliza wateja, kupanga bei wala kuongoza fundi na mhasibu.

Nimewapeleka SIDO, shirika la kuendeleza viwanda vidogo, na nimealika wafanyabiashara waje kuzungumza nao. Wanafurahi, kisha wanarudi maabara, maana kinachopimwa ni tasnifu na makala. Siwalaumu hata kidogo.

Mliopitia haya, mafunzo ya uongozi na ubunifu mliyaingizaje kwenye ratiba ya utafiti bila kuchelewesha kuhitimu? Na hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, kule BRELA (wakala wa usajili wa biashara) mliiomba kwa jina la nani, la mwanafunzi au la chuo? Hili la pili lina haraka, kwa sababu makala ya kijana wa chujio iko karibu kutumwa na sitaki ichapishwe kabla hatujawasilisha maombi.

Natanguliza shukrani.