Kiwanja cha halmashauri kimekaa bure: tunaombaje zijengwe nyumba za wazee?

Katibu_wa_Kata (mleta mada)
Wakuu, salaam. Wakubwa zangu shikamooni.

Mimi ni katibu wa baraza la wazee la kata, mji mmoja kanda ya ziwa. Tuna kiwanja cha halmashauri palipokuwa na kota za watumishi. Zilibomolewa, sasa ni vichaka na uwanja wa mpira. Fununu ni kwamba madiwani wataletewa mwekezaji wa fremu za maduka. Huku wazee wetu wamepanga chumba kimoja kimoja, mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na wengi hawana pensheni maana walikuwa wakulima na mafundi.

Tuliandika barua, tukajibiwa kwa mdomo kwamba kiwanja si cha kugawa. Tuanzie wapi? Na tuombe wazee wauziwe au wapangishwe?

Naomba kuwasilisha.

Mchoraramani
Nimestaafu idara ya ardhi, nikwambie ukweli: barua inaishia masijala. Kwanza ulizia namba ya kiwanja na matumizi yake kwenye mchoro wa mipango miji. Kama ni makazi, mwekezaji wa fremu ndiye mwenye kazi ya kuomba kubadili matumizi, na hapo mna nafasi ya kuweka pingamizi. Kama ni biashara, mzigo ni wenu.

Pili, mbaneni diwani. Hoja iingie kwenye kamati ya mipango miji, msisubiri baraza kamili. Ikifika baraza kamili mara nyingi watu wameshakubaliana. Ambatanisheni muhtasari wa mkutano wa mtaa wenye saini.

Mzee_wa_Kinondoni
Someni habari za Magomeni Kota, Dar es Salaam. Kaya 644 ziliondolewa nyumba zibomolewe, zikasota miaka mingi mitaani. Mwaka 2016 Rais Magufuli akaagiza pajengwe, Wakala wa Majengo (TBA) wakajenga, na Rais Samia akazindua Machi 2022. Waliahidiwa kukaa miaka mitano bila kodi. Jambo jema sana, ila waliokuwa watu wazima walipoondoka walirudi wazee, na wengine hawakurudi kabisa. Nyie kiwanja kiko wazi, hakuna wa kuhamisha. Hiyo ndiyo karata yenu, itumieni.

Pasua_Jipu
Mnaota. Diwani ataulizwa mapato ya ndani, na nyumba ya mzee haina mapato. Hata ile asilimia kumi ya mapato ambayo halmashauri inatenga kwa mikopo ni ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mzee hayumo. Nani atajenga?

Mchoraramani
@Pasua_Jipu una hoja, lakini jibu lipo palepale kiwanjani. Upande wa barabarani jengeni fremu, nyuma vyumba vya wazee. Kodi ya fremu ilipe matengenezo. Ukimpelekea mkurugenzi mchoro wa namna hiyo atakusikiliza. Ukimpelekea kilio tu, atakupa chai.

Bint_Kikwajuni
Nipo Unguja. Kwetu kuna nyumba za wazee Sebleni na Welezo, na tangu 2016 kuna pensheni jamii kwa waliofika miaka 70, hata kama hawakuwahi kuajiriwa. Sebleni ni makao ya kulelewa, mnachoomba nyie ni mtu kupanga kwake mwenyewe. Msichanganye hayo kwenye maombi, watawatupia ustawi wa jamii.

Jengine, kataeni ghorofa. Waulizeni wazee wa maghorofa ya Michenzani hapa Unguja kuhusu ngazi.

Mama_Wawili
Kwenye kuuza au kupangisha mimi nasema wapangishe, na ardhi ibaki jina la halmashauri. Ukimuuzia mzee kwa bei nafuu, akifariki watoto wanauza kesho yake kwa bei ya soko, na mzee anayefuata hapati kitu. Hata upangishaji una mtego. Bibi yangu alikaa kota ya halmashauri hadi kufa. Mpaka leo anakaa binamu yangu wa miaka thelathini, anailipia kodi ileile ya zamani na amepangisha chumba cha uani! Hakuna anayemgusa.

Andikeni mapema: mkataba ni wa mzee na mwenzi wake, mjukuu anayemtunza akae, lakini mzee akiondoka mjukuu apewe muda wa kuhama. Na vyumba viwe viwili. Mzee wa Kiafrika hakai peke yake, ukimpa chumba kimoja mjukuu atalala wapi?

Pasua_Jipu
Hilo la mjukuu nakubali. Mtaa wetu kota zote ni za wajukuu.

Katibu_wa_Kata
Shukrani wakuu. Jumatatu naenda ardhi kuulizia matumizi ya kiwanja. @Mama_Wawili, muda wa kuhama tuandike miezi mingapi? Wazee wenzangu wawili wameshaanza kugombana: mmoja anasema mitatu, mwingine anasema hadi arobaini iishe.

Mama_Wawili
Sita. Chini ya hapo hakuna mjukuu atakayekubali kumhamia babu kumtunza.